Joto, fukuto na wimbi la joto la mdogo wangu

Mdogo wangu anasoma London. Mwezi wa saba akanitumia voisi analalamika, kaka huku kuna wimbi la joto tunakufa, nikamuuliza nyuzi ngapi, ananijibu 29. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kulikoni, maana 29 hapa Mtwara mwezi wa kumi na mbili ni saa nne asubuhi tu, watu bado wanakunywa chai.

Kumbe mi ndo sikuelewa. Wimbi la joto sio joto kali tu, ni joto lililozidi kawaida ya mahali husika tena kwa siku kadhaa mfululizo. Uingereza wanahesabu siku tatu, na kila eneo lina kiwango chake, London ni 28, sehemu nyingine 25. Nyumba zao zimejengwa zishike joto, kwahiyo ile Julai 2022 ilipofika 40.3 pale Coningsby haikuwa mchezo.

Sema sasa sisi shida yetu ina jina lingine, fukuto. Jua kali unalikimbia, unaingia chini ya mwembe umepona, lakini fukuto linakufuata hadi kivulini, hadi kitandani. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na huku pwani hewa imeshashiba maji ya bahari kwahiyo jasho haliendi popote, linatiririka tu mgongoni. Ndo maana mtu wa Dodoma akikwambia kwao ni 33 we msikilize tu, mwambie aje alale Mikindani siku moja mwezi wa pili.

Nililala kwa bibi huko, umeme ukakatika saa tano usiku, feni ikazunguka zunguka ikasimama. Bibi wala hakuhangaika, kachukua khanga kaichovya kwenye ndoo, kaikamua, kajitanda, katoka na mkeka wake barazani. "Mjukuu wangu, hilo bati lako litakupika, njoo nje." Nikaangalia simu, imeandika 31, chini yake "inahisi kama 38". Nikamsomea. Akauliza hiyo simu nayo inatoka jasho?

Nikamtumia mdogo wangu picha ya ile namba. Kajibu kwa emoji ya kulia, afu kaomba nimuulizie bibi khanga inachovywa maji ya baridi au ya kawaida.