Tuzo Iko Kabatini, Ubao Uko Mvuani

Tumeshinda! Kikundi chetu cha utafiti wa malighafi za mimea ndicho kilichotangazwa cha kwanza kwenye mashindano ya ubunifu ya chuo, hapa Mbeya, na tangu siku hiyo simu ya Dokta wetu haipoi. Ngao imewekwa kwenye kabati la ofisi ya idara, pembeni ya vikombe vya mpira wa miguu. Cheti kina majina yetu sote, kuanzia kiongozi wa kikundi mpaka fundi sanifu wa maabara. Hilo la fundi sanifu limenifurahisha kuliko yote, maana ndiye anayekesha na mashine ya kukandamiza mbao usiku ambao umeme unakatika na kurudi.

Kilichotupa ushindi ni ubao. Tumeutengeneza kwa nyuzi za migomba ya Rungwe na pumba za mpunga wa Kyela na Mbarali, tukaushikanisha kwa gundi ya tanini, ile inayotoka kwenye magome ya miwati. Miwati imejaa Njombe, imepandwa huko kwa ajili ya tanini tangu enzi za mkoloni. Majaji waliuinua ubao wetu, wakaugonga kwa vidole, mmoja akajaribu kuupindia gotini. Wakauliza bei. Wakauliza mbona mweusi hivi. (Ni tanini, ikishaiva ndani ya joto la mashine huwa kahawia iliyokoza, na mimi naipenda hiyo rangi.) Kuhusu maji hakuna aliyeuliza.

Nimeshinda na jambo hilo moyoni wiki nzima. Adui wa ubao wa mimea ni maji, na sisi tunaishi kwenye nyanda za mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wenyewe wa uzi wa mgomba, inapenda maji kwa asili yake: uzi unakunywa, unanenepa, gundi inaachia, kingo za ubao zinafumuka. Muulize seremala yeyote wa Mwanjelwa kuhusu makabati ya chipbodi yanayorudishwa kwake baada ya masika, atakueleza bila kupumzika.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unakata kipande cha mraba, sentimita 5 kwa 5, unapima unene wake kwa maikromita, unakiloweka saa 24 kwenye maji ya nyuzijoto 20, unapima tena. Juni na Julai maji ya bomba hapa Mbeya yanauma vidole, kwa hiyo inabidi tuyapashe kidogo kwanza na kuyatunza yasipoe usiku. Asubuhi unatoa kipande, unakipangusa kwa kitambaa, unakibana polepole kwenye maikromita, na hapo ndipo unajua kama una ubao au una uji. Vipande vyetu vya awali, vyenye gundi kidogo, vilifumuka hadi nyuzi zikaonekana moja moja pembeni. Tulipoongeza tanini na kubadilisha joto la mashine, vikatulia. Siku ile tulipigiana makofi maabara nzima, hakuna mgeni rasmi, hakuna picha. Kwangu mimi tuzo yetu ilipatikana asubuhi ile.

Sisemi haya kwa kuzidharau tuzo. Tuzo nzuri zinafanya kazi kubwa. Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi mwaka 1838, na tangu 1962 wakemia wa Marekani wanatoa tuzo yenye jina lake. Ndiyo maana hata mwanafunzi wa sekondari ya Iyunga hapa Mbeya leo analijua. Mwaka 2015 Tuzo ya Marcus Wallenberg, ambayo hukabidhiwa na Mfalme wa Sweden, ilikwenda kwa Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama kwa mbinu ya kuuchambua uzi wa mti hadi vijiuzi vya nanomita chache tu. Isogai alikuwa akiifanyia kazi mbinu hiyo tangu miaka ya 1990. Waliowatuza walisubiri kwanza waone kitu kimesimama. Mwaka huohuo Mtanzania mwenzetu, Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na ikaja kwetu. Nikiwaza hilo napata nguvu.

Jaji wetu mkali zaidi yuko karibu na Tukuyu. Ni bibi mmoja mwenye shamba la migomba, aliyeturuhusu kufunga mbao zetu kwenye ukuta wa banda la ng'ombe, upande unaopigwa na mvua. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na wengi wanaokuja kwake wakiwa na daftari huona shina lililolala na kudhani halina mwenyewe. Yeye alitueleza vizuri. Magamba ya nje mchukue. Ya ndani ni ya ng'ombe, na yanayobaki yanarudi shambani kutunza udongo.

"Mkibeba yote, mwanangu, mwakani mtakuja kukuta nini hapa?" aliniuliza.

Tangu hapo tunachukua ya nje tu, na Dokta ameliandika sharti hilo kwenye mpango wa utafiti. Nilipompigia bibi kumpa habari za ushindi alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akashangilia kwelikweli, halafu akanieleza kwamba ubao wa pili kutoka kushoto umeanza kuinuka kona.

Redio imeitangaza habari yetu, na watu wameanza kuja. Wengine wanaleta viroba vya pumba hadi getini. Kuna mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, kule Mafinga aliyepiga kuuliza kama tunataka vumbi la mbao, kwa sababu analo lundo na kila mwaka analichoma moto. Tunalitaka! Msindano wa Mufindi nao una nyuzi nzuri, na ule moshi hauna faida kwa yeyote. Hapa ndipo ngao inapofanya kazi ambayo andiko la jarida halikuifanya: mtu ambaye hajawahi kutusikia anatuamini kiasi cha kupoteza nauli.

Hundi si kubwa. Kikaoni nilipendekeza sehemu yake iende kwa yule bibi, kwa ukuta wake na kwa macho yake, na sehemu inunue maikromita mpya. Wenzangu wamekubali. Kona iliyoinuka tutaikata Jumamosi tuone maji yaliingilia wapi. Nahisi ni kwenye tundu la msumari. Na kamati ya mashindano nimeiandikia barua, nikiomba kuanzia mwakani kila ubao utakaoshindanishwa ulowekwe saa 24 kabla majaji hawajaugusa, wetu ukiwa wa kwanza. Dokta ameisoma, ameongeza koma mbili, ametia sahihi yake chini ya yangu.