Kabati, Stoo na Njia ya Bwana

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Somo la kutafakari wiki hii: Luka 3:3-14.

Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yameanza, na hapa Moshi kila mtu anajua Desemba inakuja na nini. Mabasi ya Dar yatajaa. Wana na wajukuu watapanda kuja nyumbani. Wengine watalala kwanza hapa mjini, Majengo, Pasua au Soweto, kabla ya kupandisha Kibosho, Marangu au Rombo. Kwa hiyo nyumba nyingi ziko kwenye shughuli ya kutafuta pa kuwalaza wageni, na hapo ndipo tunapogundua kwamba chumba cha wageni hakipo tena. Kitanda kipo, ila juu yake kuna mifuko mikubwa miwili ya shangazi kaja iliyojaa nguo, televisheni ya chogo iliyokufa zamani, na maboksi ambayo hakuna anayekumbuka ndani yake kuna nini.

Yohana Mbatizaji alipohubiri kando ya Yordani aliwaambia watu waitengeneze njia ya Bwana. Makutano wakamwuliza, "Tufanye nini basi?" Pengine walitegemea awaambie wafunge, au wapande Yerusalemu wakatoe dhabihu. Yeye akawajibu habari za nguo na chakula: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Wakaja watoza ushuru, akawaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Wakaja askari, akawakataza kudhulumu. Kila mmoja alirudishwa kwenye kile alichokishika mkononi siku ile ile. Na jibu la kwanza kabisa, lile la watu wote, liliwapeleka kwenye kabati la nguo.

Ndiyo maana sipendi nyumba iliyojaa vitu ichukuliwe kuwa habari ya akina mama peke yao, au habari ya usafi tu. Usafi wa barabarani tunaujua. Mji wetu umesifika kwa usafi miaka mingi. Mgeni akishuka stendi huambiwa mapema asitupe ganda la ndizi chini, atatozwa faini. Hilo ni jema na tuendelee nalo. Lakini Bwana alimwambia Farisayo aanze na ndani ya kikombe.

Tufungue milango basi. Kuna sare za vitenge vya harusi: kila harusi na kitenge chake, kimeshonwa kwa haraka, kimevaliwa siku moja, na hakivaliki tena kwa kuwa kila mtu anakumbuka kilikuwa cha harusi ya nani. Kuna fulana za makongamano na za kampeni. Viatu vya watoto ambao sasa wako sekondari. Mahotpoti yasiyo na mifuniko, na mifuniko isiyo na mahotpoti. Chaja za simu zilizokwisha kuibiwa. Kadi za michango za miaka na miaka, na chungu ya nguo za mitumba, kwa sababu masoko ya Memorial na Kiboriloni si mbali, bei inavutia, na mtu aliyetoka kununua nyanya hurudi na blauzi tatu.

Kwa nini hatuvitoi? Wengi wetu si wachoyo. Nyumba za Wakristo hapa hazimnyimi mgeni chakula. Nadhani chanzo ni hofu, na hofu hiyo ina historia yake. Wazazi wetu walipitia wakati mgumu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika madukani na watu wakapanga foleni ya sabuni, sukari na khanga. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya sabuni hawezi kuitazama ndoo tupu akaiona takataka. Alitulea hivyo, na sisi tukajifunza kusema, "Acha, siku moja itafaa." Tusiwacheke wazee kwa hilo. Waliokoa familia kwa kutunza makopo.

Ila tutofautishe akiba na mrundikano. Yosefu kule Misri aliweka nafaka, na Mungu alikuwa pamoja naye. Akiba ina siku yake na ina mlengwa wake: gunia la mahindi linajulikana litaliwa lini na nani. Mashuka ya wageni yana wageni wake. Lakini lile begi lililo chini ya kitanda, ambalo tangu lilipoingia halijafunguliwa, halina siku wala mtu. Limekaa pale likitulinda dhidi ya njaa ambayo haipo, na huku jirani ana uhitaji uliopo leo.

Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia aliyefariki mwaka 379, alihubiri juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Aliwaambia waamini wake waziwazi kwamba mkate wanaoushikilia ni wa mwenye njaa, vazi walilolifungia sandukuni ni la aliye uchi, na viatu vinavyooza nyumbani kwao ni vya anayetembea pekupeku. Hakuwaomba wafikirie kutoa wakipenda. Aliwaambia vitu vile tayari vina wenyewe. Na hakuishia mimbarini. Nje ya mji wake alianzisha mahali pa kuwatunza maskini na wagonjwa.

Nikiyasoma maneno hayo nafikiria Januari. Tangu mwaka 2016 shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazitozi ada, lakini sare, viatu na begi bado ni juu ya mzazi. Katika jumuiya yetu kuna mzazi ambaye hivi sasa anapiga hesabu ya sweta. Sweta hiyo ipo. Imekunjwa kwenye kabati la mwanajumuiya mwenzake, kwa sababu mtoto wake amerefuka na hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Tunapotoa, tutoe kama watu wanaomtolea Mungu. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kilema, akawaambia wampelekee liwali wao waone kama atafurahi. Suruali iliyopasuka makalioni si sadaka, ni taka, na kumpelekea mtu mwenye shida ni kumwongezea kazi ya kuitupa. Kinachotolewa kifuliwe, kipigwe pasi, vifungo vishonewe. Kilichoharibika kiende jalalani, au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kama ni chuma. Na ndoo za rangi, makopo na matairi yaliyoko nyuma ya nyumba tusiyasahau wakati huu wa vuli: yakituama maji ya mvua, mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana humo, na mbu hao huuma mchana.

Kuna vitu vigumu zaidi kuvigusa, nami naomba tuende navyo taratibu. Ni vile vya marehemu. Sanduku la mama, koti la baba, miwani yake bado iko kwenye kasha. Mhubiri, yule wa Agano la Kale, anasema kuna wakati wa kuweka na wakati wa kutupa, lakini hakuandika ni miezi mingapi, na mtu asimpangie mwenzake. Kama bado unalia ukifungua sanduku, lifunge, lisubiri. Siku utakapokuwa tayari, ita ndugu zako, simulieni, kila mmoja achukue kitu kimoja cha kumkumbuka, na vilivyobaki viende kwa watu watakaovivaa. Koti la baba likimkinga mlinzi na baridi ya Julai usiku, baba hajasahaulika. Mwombeeni, na mweke nia ya Misa siku hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote.

Katika nyumba nyingi za mji huu, chumba anacholala dada wa kazi ndicho stoo. Godoro lake liko kati ya gunia la mkaa na maboksi. Nguo zake ziko kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini. Usiku mtu akitaka dumu la mafuta anaingia bila kubisha hodi, kwa kuwa anaingia stoo, haingii chumbani kwa mtu. Tukiulizwa tunasema nyumba ni ndogo, hakuna nafasi. Wapendwa, nafasi ipo. Tumeipa televisheni iliyokufa. Tumeipa magazeti na viti vilivyovunjika miguu, na binti wa watu, aliyebatizwa kama sisi, anayeamka kabla yetu ili watoto wetu wafike shule na chai tumboni, amebanwa ukutani. Kama tafakari hii itafanya kazi moja tu, iwe hii: chumba hicho kianze. Kitolewe vitu mpaka kibaki chumba, kiwekwe kitanda, chandarua, na mahali pa kuweka nguo, na mlango wake ubishwe hodi. Wale wasio na msichana wa kazi wamtazame mwanandugu aliyeletwa kutoka kijijini kusoma. Mara nyingi hali yake ni hiyo hiyo.

Nikimtaja dada nimefika kwenye kazi zenyewe. Nyumba haichafuki kwa sababu ya vitu tu. Inachafuka kwa sababu watu sita wanaitumia na mmoja anaisafisha. Usiku ule wa Karamu ya Mwisho Yesu alivua vazi lake la nje, akajifunga kitambaa, akatia maji kwenye bakuli na kuwaosha wanafunzi miguu. Baada ya kufufuka, akiwa na mamlaka yote, wanafunzi walimkuta ufukweni ameshawasha moto wa makaa na samaki wako juu yake. Baba wa nyumba anayeona aibu kushika sufuria amekosa mfano wa kufuata kwa Bwana wake. Vijana wetu wa kiume wakiwa chuoni hujifulia na kujipikia vizuri tu. Wakirudi likizo na wachukue ufagio pia, bila kusubiri dada zao waombe. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupanga viatu mlangoni. Wa darasa la tatu anaweza kuanua nguo na kuzikunja. Tusiwanyime watoto nafasi ya kuhudumia nyumba yao.

Kuna onyo pia katika Luka 11. Yesu anasimulia habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, kisha yule pepo aliyetoka akarudi na wenzake saba, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Bwana alikuwa akisema juu ya roho ya mtu, si juu ya sebule. Hata hivyo wengi tumeliona jambo hili hata sebuleni: Jumamosi moja ya kishindo, kila kitu nje, deki mpaka barazani, na kabla ya Pasaka stoo imefurika tena. Iliondolewa mizigo lakini haikupewa utaratibu. Mungu aliwapa Waisraeli mana ya siku kwa siku. Na kazi za nyumbani ndivyo zilivyo, haziwekeki akiba. Vyombo vya jioni vioshwe jioni. Kitanda kitandikwe mtu anapoamka. Kikiingia kiatu kipya, kimoja cha zamani kitoke. Wanaosali Rozari huku wakikunja nguo wanajua kwamba mafungu matano yanatosha beseni zima.

Wanaobeba mzigo mzito zaidi wasikie neno jingine. Mithali 14:4 inasema zizi ni safi pasipo ng'ombe, bali nguvu za ng'ombe zaleta faida nyingi. Sisi tunaofugia ng'ombe bandani tunaelewa: anayetaka banda lisilo na samadi asifuge. Nyumba yenye mtoto mchanga, yenye mapacha wanaotambaa, yenye bibi aliyelala kitandani miezi mingi, haitafanana na nyumba ya mtu anayeishi peke yake, na haidaiwi ifanane. Mama aliyekesha na mgonjwa, sakafu yake isipopigwa deki leo, hana dhambi. Nasema hivi kwa sababu zipo familia zinazokwepa zamu ya kupokea sala ya jumuiya kwa kuona aibu na nyumba. Mmoja atasema amesafiri, mwingine atasema maji yamekatika. Msipishe zamu. Hatuji kukagua. Tukikuta nguo ziko kwenye kochi tutazisogeza tukae.

Tena zaidi ya kukaa, tusaidie. Jumuiya inajua kwenda na mchele na sukari kwenye msiba. Kwa mama aliyejifungua au kwa mzee anayeishi peke yake, twende na ufagio, sabuni na mikono minne. Saa mbili zinatosha kufua mashuka, kuosha vyombo na kutoa maboksi yaliyoziba dirisha. Vijana wabebe vizito. Mwenye nyumba aulizwe kila kitu kabla hakijatolewa, hata kama ni kopo, maana vitu ni vyake na uamuzi ni wake.

Kwa utekelezaji: mwenye sare, sweta, viatu au begi la shule ambalo mtoto wake halitumii tena, alilete baada ya sala ya Jumamosi, vikiwa vimefuliwa, na saizi imeandikwa kwenye kikaratasi. Vifike kabla ya Krismasi, kwa sababu wazazi wengi huanza kununua mara tu sikukuu zikiisha. Havitagawiwa mbele ya watu. Mwenyekiti na mama mlezi watavipeleka nyumbani kwa wahusika. Na nyumba inayohitaji mikono ya kusaidia, mtu amnong'oneze katibu tu, inatosha.