Msumari wa tatu darini

Florida, sheria inazitaka kampuni za bima zitoe punguzo kwa nyumba inayohimili upepo. Ushahidi ni fomu OIR-B1-1802, ambayo mkaguzi huijaza baada ya kuikagua nyumba, na hudumu hadi miaka 5. Mkaguzi atapanda darini, basi ondoa masanduku yanayoziba njia.

Huko juu anakagua pale kenchi inapokaa ukutani. Kibanio cha chuma kinachoishika kenchi kinahitaji misumari isiyopungua 3. Chenye 2, hata king'ae vipi, huhesabiwa sawa na kenchi iliyopigiliwa misumari ya mshazari tu, daraja la chini kabisa. Msumari mmoja! Upigilie kabla hajafika, maana picha atakayopiga ndiyo itakayosema.

Madirisha nayo: kioo kimoja kisicho na kinga hushusha daraja la nyumba nzima.