Mchana kutwa naviringisha gololi

Saa 11 alfajiri. Bando la usiku linakwisha saa 12, kwa hiyo cha kupandisha mtandaoni nakipandisha sasa hivi. Toleo jipya la gemu ni zaidi ya megabaiti mia nne, na kwa bando la mchana hizo ni hela za mboga. Naliacha lipande, nakwenda kuoga, narudi nalikuta asilimia 61. Napiga pasi nguo, naweka maji ya chai. Dakika chache kabla ya saa 12 linamaliza.

Kazi yangu ni kutengeneza gemu za video, na kwa muda mrefu sasa ni gemu moja tu. Kuna gololi. Iko juu ya njia za mbao na mawe zinazoelea hewani, chini hakuna kitu. Mchezaji anaiviringisha hadi mwisho wa njia bila kuidondosha, na humo njiani kuna masanduku ya kusukuma, madaraja yanayozunguka, na milango isiyofunguka mpaka ukandamize kitufe kwa kitu kizito. Gololi yenyewe inabadilika: kuna ya kioo, kuna ya jiwe, kuna mpira wa matambara kama ule wa chandimu. Jiwe linasukuma sanduku lakini halipandi mlima. Matambara yanapeperushwa na feni hadi ghorofa ya juu lakini hayakandamizi kitufe. Fumbo lote liko hapo: ni wapi ubadilike, uwe nini.

Wazo la gololi inayobadilika si langu; Ballance ya mwaka 2004 ilikuwa na karatasi, mbao na jiwe. Matambara ndiyo yangu.

Saa 2 asubuhi. Mama mwenye nyumba anabisha hodi. "Mwanangu, leo umeshinda nyumbani tena? Basi nipokelee mtungi wa gesi, mie naenda kwenye kikao." Nimemweleza mara nyingi kwamba niko kazini. Anachungulia kioo cha kompyuta, anaona gololi inaviringika, anacheka kwa upole kabisa. Kwake yeye mimi ni kijana anayecheza gemu asubuhi hadi usiku na Mungu anamlipia kodi.

Kodi inalipwa na kadi za harusi. Naweka jina la bibi harusi kwa rangi ya dhahabu, nabadilisha ukumbi kwa sababu kamati imehama, natuma kwa mwenyekiti. Saa mbili zinapita hivyo na sina zaidi la kusema juu yake.

Saa 4. Simu. Namba naijua. Ni mteja wa Mwanza.

Huyu alinunua moja kwa moja kutoka kwangu, kwa pesa ya simu, nikamtumia kiungo cha kupakua. Nauza hivyo kwa watu wa nyumbani kwa sababu wengi hawana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Na kuweka gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, unazorudishiwa mauzo yakifika dola 1,000, halafu asilimia 30 ya mauzo inabaki kwao. Gemu yangu iko huko pia. Lakini mteja wa Steam akichukia ana utaratibu wake: siku 14 tangu anunue, awe amecheza chini ya saa mbili, anabonyeza, hela inarudi, humsikii. Mteja wa pesa ya simu ana namba yangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Hela yangu ilifika, sivyo?"

"Ilifika, kaka, ahsante sana."

"Sasa mbona gololi inaruka yenyewe?"

"Inaruka wapi?"

"Darajani, hatua ya 9."

"Daraja lipi, kaka? Hatua ya 9 ina madaraja matatu."

"Lile la mbao."

"Yote ni ya mbao."

Kimya. Nasikia feni yake inazunguka.

"Lile linalorusha gololi."

Namwomba anirekodie video. Anauliza bando la kutuma video nalilipa mimi? Nalilipa. Namrushia shilingi elfu moja, napungukiwa na faida ya kumuuzia yeye, nasubiri. Video inafika baada ya saa nzima. Ameirekodi kwa simu kutoka kwenye kochi, simu kaishika wima, nusu ya picha ni pazia, na mtoto analia karibu kiasi kwamba nahisi yuko chumbani kwangu. Ila kwenye ile nusu nyingine, ni kweli. Gololi inakuja darajani vizuri, mbao zimelala sawasawa, na ghafla inaruka kidogo, kimo cha kidole, inapinda kushoto, inaondoka. Sauti yake nyuma: "Umeona? Umeona mwenyewe? Hivi nyie mnatengeneza gemu au mitego?"

Nafungua hatua ya 9 kwangu. Navuka daraja. Navuka tena. Navuka kwa kioo, kwa matambara, kwa jiwe. Gololi hairuki. Mteja anatuma ujumbe wa sauti kuuliza nimefikia wapi. Navuka kinyumenyume. Anatuma mwingine, wa dakika tatu, humo ananisimulia kwamba binamu yake amesomea kompyuta na amesema tatizo ni mimi. Nashindwa kumjibu kwa adabu, kwa hiyo simjibu. Gesi ya mama mwenye nyumba inafika, naibeba hadi jikoni kwake, narudi navuka daraja.

Kisha umeme unakatika. Betri ya laptopu yangu ni ya kuhesabu dakika, feni haizunguki, chumba kina bati juu. Nakula kiporo cha wali nikiwa nimeegemea mlango.

Saa 10 alasiri au inaelekea huko. Mtaa wa pili una umeme. Kuna banda la gemu, pleisteshoni nne na benchi, na mwenye banda ananiruhusu nichomeke laptopu yangu kwa bei ya saa moja ya mchezaji. Hapa ndipo ninapojaribishia. Nawaweka watoto mbele ya kioo, nakaa nyuma, nafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Mtoto anakwama kwenye kitufe, jiwe liko hatua mbili kutoka kwake, na mimi siruhusiwi hata kukohoa, maana nikimwonyesha sitajua kama njia inajieleza yenyewe.

Mmoja anagundua kwamba ukipanda ukingo wa reli kwa kioo unaruka fumbo zima la feni. Sikuwa nimeliona hilo. Naliacha. Anayeweza kubaki juu ya reli nyembamba vile anastahili njia ya mkato.

Mkubwa wao ananiambia gololi ni gemu ya kitoto, haina risasi wala mpira wa miguu. Namwambia mwaka 1984 Atari walitoa Marble Madness, hatua sita tu, unaviringisha tufe kwa kiganja kwenye mashine na gololi inakwenda, na saa inakufukuza. Aliyeibuni anaitwa Mark Cerny. Miaka mingi baadaye huyohuyo ndiye akawa msanifu mkuu wa PlayStation 4, hiyo unayochezea sasa hivi. Dogo anaitazama mashine, ananitazama mimi, anatazama laptopu yangu yenye plasta kwenye bawaba.

"Sasa wewe mbona bado uko hapa?"

Benchi zima linacheka, na mimi nacheka, nikiwa sina jibu. Wakati bado wanacheka, mdogo kuliko wote anashusha jiwe kutoka mlima wa hatua ya 9 bila kushika breki, anaingia darajani mshazari, na jiwe linaruka. Kimo cha kidole. Kushoto.

Kumbe ndiyo hiyo! Mimi nimelijenga lile daraja, kwa hiyo nalivuka katikati, polepole, kwa heshima. Mteja wa Mwanza na huyu mtoto wanalivuka kama watu waliochelewa.

Jioni. Umeme umerudi. Nitaeleza kidogo, maana huu ndio ufundi wenyewe na hakuna anayeuona.

Kompyuta haioni gololi ikiviringika. Inapiga hesabu mara 60 kwa sekunde, na kati ya hesabu moja na nyingine hakuna kitu. Gololi inayokwenda mita 12 kwa sekunde inahama sentimita 20 kwa kila hesabu. Inapotua, huzama kidogo sana ndani ya ubao kabla hesabu inayofuata haijaisukuma juu. Jicho halioni. Lakini daraja langu ni mbao nyingi zilizopangwa bega kwa bega, na kila ubao unahesabiwa peke yake, una uso wa juu na una ubavu. Gololi iliyozama unywele mmoja ikifika kwenye kiungo inakutana na ubavu wa ubao unaofuata, ubavu ambao kwa macho haupo kwa sababu umefunikwa na jirani yake. Hesabu inaona ukuta. Inairusha. Watengenezaji wa gemu za kuviringisha wanaujua ugonjwa huu tangu zamani, na kila mmoja ana dawa yake.

Yangu ya kwanza ni kuunganisha mbao zote ziwe umbo moja la kugongana. Daraja linatulia, ila sasa mbao haziwezi kuvunjika mojamoja, na kuvunjika ndilo fumbo la hatua ya 9. Natoa. Nachonga kingo za kila ubao ziwe za mviringo kwenye Blender, programu ya kuchongea maumbo ya gemu. Kuruka kunapungua, lakini matambara, ambayo ni mepesi, yanaanza kutetemeka. Natoa. Nakula chapati baridi. Mwisho naandika msimbo unaokagua kila mguso: kama nguvu inatoka ubavuni na jirani wa ubao huo bado yupo, ipuuze. Jirani akivunjika, ubavu unarudi kuwa ubavu. Mistari michache tu. Ukiniuliza siku nzima nimefanya nini, nitakuonyesha hiyo mistari, na gololi inayopita juu ya mbao kama inavyotakiwa kupita tangu mwanzo.

Nashusha jiwe mlimani, mshazari, bila breki. Linapita. Nashusha tena, hadi vidole vinakataa.

Usiku mteja wa Mwanza namtumia toleo jipya, pamoja na bando jingine, maana najua ataniuliza. Saa 5 na nusu anapiga. Nasikia jiwe likiunguruma kwenye spika zake, linashuka, linaingia darajani, linavuka.

"Sawa," anasema. "Hapo umefanya kazi. Sasa kuna hii feni hatua ya 10."

"Imefanyaje, kaka?"

"Inapuliza."

"Inatakiwa ipulize."

"Hapana, mdogo wangu, inapuliza vibaya. Subiri nikurekodie."