Trekta Kuukuu na Bei ya Mgeni

Juma lililopita gereji moja hapa Jinja ilinipa karatasi ya makadirio inayosema kwamba kuifufua injini ya trekta langu dogo la kukatia nyasi za bustani kutanigharimu shilingi 4,600,000, na chini yake mtu aliongeza kwa kalamu ya rangi nyingine: "Afadhali ununue jipya." Ningelipokea shauri hilo kwa moyo mmoja kama shemeji yangu, ambaye ni Msoga wa hapa hapa, asingepita gereji ile ile siku mbili baadaye, akaeleza ugonjwa ule ule kwa Lusoga, akatajiwa shilingi 2,800,000. Tofauti hiyo ya 1,800,000 si ya spea wala ya kazi, bali ni kodi ya ulimi wangu.

Nimeishi Uganda miaka kumi na mmoja sasa, nimeoa hapa, watoto wangu wanasoma hapa, na ziwa ninaloliona asubuhi ni lile lile lililonilea Mwanza. Hata hivyo nikifungua mdomo tu, bei inasimama kwa vidole vya miguu. Kiswahili hapa kina historia yake: kwa watu wengi wa rika la wakwe zangu ni lugha waliyoisikia kwanza kwa askari wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kukifanya lugha rasmi haukuweza kufuta kumbukumbu hiyo. Nalielewa hilo. Tena, tusijisafishe mno, kwa maana sisi wenyewe pale Mwanza tukimsikia Mganda akiuliza bei ya sato tunafanya nini? Lakini kulielewa jambo hakulipi deni, na mimi nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimenuna kiasi kwamba hata chai sikuinywa.

Trekta lenyewe ni Wheel Horse jekundu, kazi ya South Bend, Indiana, ya zamani kabla kampuni hiyo haijanunuliwa na Toro mwaka 1986. Lililetwa ndani ya kontena na wazungu wa misheni waliokuwa wakijenga shule, nao walipoondoka wakaniuzia kwa bei ya kuaga. Lina injini ya Kohler ya nguvu ya farasi 12, silinda moja, bloku ya chuma cha kusubu, na ndilo lililonitoa kwenye kufyeka kwa mkono likanifikisha kwenye bustani za harusi, viwanja vya shule na hoteli za kando ya Nile. Huku karibu na ziwa nyasi hazina likizo. Ukizikata Jumatatu, Jumatatu ya pili zinakudai tena.

Kosa la kuharibika ni langu, na nilieleze vizuri kwa sababu wenye mashine za aina hii wataliona kwao pia. Injini hizi hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili unaozunguka wa injini, kuna kijiko kidogo ambacho kila krenki inapozunguka huchota oili na kuirusha huku na huku, na hiyo ndiyo inayolainisha kila kitu. Oili ikipungua, au trekta likilala sana kwenye mteremko, kijiko kinachota hewa. Kijana wangu alikata bustani moja yenye mteremko unaoshuka mpaka mtoni, kijiti cha kupimia oili hakukichomoa asubuhi ile, nami sikumuuliza. Saa nane mchana nikasikia kwa simu, nyuma ya sauti yake, mlio wa kitu kama nyundo inayogonga sufuria. Konrodi ya injini hii ni ya aluminiamu na inakaa moja kwa moja juu ya krenki bila bearing katikati, kwa hiyo inapokauka haisamehe.

Basi nikaketi na daftari. Trekta jipya, katika duka moja la Kampala, ni shilingi 17,500,000. Harusi moja hunilipa 150,000, kwa hiyo hilo ni jumla ya harusi 117, kabla sijanunua petroli wala sijamlipa kijana. Nililizunguka lile jipya mara tatu pale dukani. Linang'aa, kiti chake ni laini kuliko cha gari langu, na halina gia za kubadilisha, unakanyaga tu likaenda. Lakini nilipochungulia chini niliona bati jembamba lililokunjwa mahali ambapo langu lina chuma kizito, na muuzaji, ambaye nitamshukuru kwa ukweli wake, alikiri kwamba sanduku lile la gia halikuundwa ili lifunguliwe: likifa, linabadilishwa lote. Nikajiuliza, likifa mwezi wa nne katikati ya mvua, nitalibadilisha na nini?

Njia ya katikati ilikuwa kufunga injini ya Kichina ya farasi 13, zile zinazosukuma mashine za kusaga mahindi kila senta ya Busoga, ambazo zinapatikana kwa shilingi 1,100,000 hivi na spea zake zinauzwa hata kwenye maduka ya sukari na sabuni. Ningeichagua hiyo. Kilichonizuia ni urefu wa shafti: kwenye Wheel Horse ncha ya krenki hubeba puli ya kuendeshea pamoja na klachi ya kisu, na shafti ya Mchina haina nafasi ya vyote viwili bila kuongezwa kipande. Shafti ya kuungwa, inayozungusha kisu karibu na miguu ya watu, sitaki.

Nitasema neno moja kwa anayepima trekta kuukuu: usianzie kwenye injini, hata kama ndiyo inayolia. Nilimwaga oili ya sanduku la gia kwenye beseni jeupe la mke wangu (kesi hiyo bado haijaisha) nikatafuta vumbi la chuma kwa sumaku. Hakukuwa na kitu. Nikapima kulegea kwa magurudumu ya mbele, nikagonga bodi ya bati inayofunika kisu kwa bisibisi kutafuta kutu iliyokula mpaka ndani. Kama gia zingekuwa zimelika, ningeliuza kama chuma chakavu siku ile ile na kwenda kukopa.

Ndipo nikapanda matatu kwenda Kampala, krenki ikiwa ndani ya begi la shule la mwanangu, mpaka Katwe, mtaa wa mafundi. Mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza iliyozeeka kama yeye aliipokea, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akaipima kwa maikromita mara nne, akiizungusha kidogo kila mara. Shingo inayoshika konrodi ilipokuwa mpya ilikuwa milimita 38.10, yeye alisoma 37.91, mahali pengine 37.93. "Bado ina nyama," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka. Ataisaga ifike 37.85, saizi ambayo konrodi yake inapatikana, kwa shilingi 180,000. Silinda ataichonga kwa 200,000, lakini alikataa kuigusa mpaka nimletee pistoni mkononi. "Pistoni kwanza, mwanangu. Silinda hufuata pistoni, haitangulii." Viti vya valvu alivisaga pale pale, nikatoa pesa ya kazi hiyo, akanirudishia yote.

Nilimuuliza Kiswahili alikipata wapi. Alikuwa amekimbilia Nairobi wakati wa vita vya miaka ya 1980 na kufanya kazi kwa mafundi wa Kamukunji. Nikasema, kwa uchungu wa ile karatasi, kwamba bila shaka kule hawakumtoza bei ya mgeni. Alicheka mpaka akazima mashine. "Walinitoza mpaka nikajifunza lugha."

Kwa hiyo ninyi mnaoniandikia kuuliza kama Uganda kuna riziki: ipo, na nyasi zipo, lakini jifunzeni Luganda au lugha ya mahali mtakapokaa kabla ya kununua mashine yoyote, na mpaka hapo mtumeni shemeji aulize bei kwanza.

Konrodi, pistoni na ringi zake nimeziagiza Marekani kwa dola 210, zitakuja ndani ya sanduku la binamu wa mke wangu, na pamoja na kazi ya Katwe na nauli hesabu yangu yote haijafika 1,250,000. Binamu anatua Entebbe tarehe 19. Jumamosi hii kuna harusi ya watu mia nne kule mtoni, bustani ni ile ile yenye mteremko, na kijana wangu na mimi tutaikata kwa mashine ya kusukuma tuliyoazima. Oili nitapima mimi.