Nilivyoifufua redio ya CB iliyokaa miaka bila kuwashwa

Redio ya CB, yaani ya mawasiliano ya watu wa kawaida inayopokea na kurusha sauti, iliyolala miaka mingi mara nyingi haijafa. Nikiifungua, ninachokuta zaidi ni kontakti zilizoshika kutu na kapasita (vihifadhi chaji) zilizokauka, huku koili na transista zake zikiwa salama. Ndiyo maana hii niliyoletewa, ya chaneli 40 na wati 4 za AM, sikuipa umeme kabla ya kuichunguza.

Fyuzi ilikuwa imekatika, na fyuzi haikatiki bure. Nikaweka mita ya kupima ukinzani kati ya waya mwekundu na mweusi: karibu omu sifuri. Nikageuza ncha za mita: sifuri vilevile. Hapo wa kwanza kushukiwa ni dayodi ya ulinzi, iliyofungwa kati ya chanya na hasi pale umeme unapoingilia. Mtu akigeuza nyaya za betri, dayodi hiyo hupitisha umeme wote ili fyuzi ikatike kabla vingine havijaungua, na mara nyingi yenyewe hufia hapohapo. Nikainua mguu wake mmoja, shoti ikatoweka. Nikafunga nyingine. Ukikimbilia kuweka fyuzi kubwa zaidi, utaunguza njia za shaba kwenye bodi.

Hata hivyo sikuiunganisha moja kwa moja. Nilipitisha waya mwekundu kwenye balbu ya gari ya volti 12 kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti. Hii ilimulika mara moja, ikafifia. Ndipo nikaondoa balbu na kuipa volti 13.8.

Namba za chaneli zikawaka, lakini spika ilikuwa kimya kabisa. Hapa watu wengi hubomoa upande wa sauti bila sababu. Redio nyingi za aina hii hupitisha njia ya spika kwenye plagi ya maikrofoni, kwa hiyo waya wa maikrofoni ukikatika, redio inakuwa bubu. Nikaukunja waya taratibu pale unapoingia kwenye plagi: sauti ikaja, ikapotea, ikaja tena. Nikakata kipande hicho, nikalehemu upya.

Swichi ya chaneli na kirekebisha sauti vilikuwa vinakwaruza. Dawa kidogo ya kusafishia kontakti, kisha kuzungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, vikatulia. Sauti ilibaki hafifu, nikabadilisha kapasita za upande huo kwa mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za awali, nikiangalia mstari wa hasi uliochorwa juu ya kapasita kila mara.

Koili sikuzigusa. Naomba sana fundi mwenzangu asizungushe vile viini vyake (vipande vya ndani vya kurekebishia koili) kwa kubahatisha, kwani havikukauka wala kushika kutu, na ukivihamisha bila vifaa vya kupimia hutajua tena vilikuwa wapi.

Kurusha nilijaribu kwanza kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani kipinga kinachofungwa mahali pa antena, maana kubonyeza kitufe bila antena kunaweza kuua transista ya mwisho. Nilipofunga antena, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa) ya chaneli 40 ilizidi ya chaneli 1, dalili kwamba antena ni ndefu. Nikaipunguza kidogo kidogo, nikipima kila mara, hadi ikashuka chini ya 1.5 kotekote. Sasa inapokea na kurusha vizuri. Kilichobaki ni taa ya mita yake, ambayo nitaibadilisha nikipata balbu inayoingia pale.