Maradhi ya uzazi kwa mbwa dume: tazameni sakafu kwanza

Hapa Tanga mbwa wengi ni wa ulinzi: mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, na anayewalisha aghalabu ni mlinzi wala si mwenye nyumba, ambaye pengine kwa kuchunga twahara yake hapendi hata kuguswa nao. Ndiyo maana maradhi ya sehemu za uzazi za dume huchelewa kugunduliwa, ingawa mengine hujionyesha sakafuni mapema.

Jirani yangu wa Chumbageni aliona matone ya damu barazani, pale mbwa wake alipozoea kulala, akadhani amekanyaga chupa. Miguu ilikuwa mizima. Daktari wa mifugo alipoirudisha nyuma ngozi ya uume, shinani palionekana kinyama chekundu chenye vifundo kama koliflawa, kinachovuja damu kila kikiguswa. Hiyo ni saratani ya kuambukiza, ambayo seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine kwa kupandana, na hata kwa kulambana au kunusana, hivyo wanaozurura usiku ndio huipata zaidi. Kuitazama kunatisha, lakini wengi hupona kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, zinazochomwa mshipani mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Na kwa kuwa dawa hiyo huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, kazi hiyo si ya muuza duka la pembejeo.

Damu kama hiyo ikitoka kwa dume mwenye umri mkubwa ambaye hajahasiwa, mara nyingi chanzo ni tezi dume iliyotanuka. Huyu huchuchumaa muda mrefu akijikamua, kisha hutoa kinyesi bapa na chembamba, na wenyewe humpa dawa ya minyoo isiyomfaa kitu. Akihasiwa, tezi husinyaa ndani ya wiki chache.

Korodani za mtoto wa mbwa hutarajiwa kuwa zimeshuka afikishapo miezi 2 hivi. Ikiwa moja haijaonekana hadi miezi 6, si ya kuingojea tena, kwani iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya kupata saratani. Baadhi ya uvimbe wa korodani humwaga homoni za kike: chuchu huvimba, manyoya hupukutika ubavu huu na huu, na madume wenzake humwandama kana kwamba ni jike. Watu hucheka, nami sioni la kuchekesha.

Usaha kidogo wa manjano kwenye ncha ya ngozi ya uume ni jambo la kawaida, maadamu hauzidi wala haunuki. Uume uliobaki nje na kuanza kukauka, hilo ni la dharura: umwagiwe maji safi ya baridi, mbwa azuiwe kujilamba, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo. Korodani iliyovimba ghafla na kuuma nayo isishikwe mikono mitupu, kwa kuwa huenda ni bruselosi, maradhi ya bakteria ambayo humwambukiza hata binadamu. Mlinzi apewe glavu.